Mtu wa Kufa Kwanza

Wifi yangu ni dobi. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakiambiwa kwamba kuna mtu ameongoza timu moja ya mchezo wa kompyuta kwa miaka kumi na mmoja, huwaza kijana mwenye hedifoni za rangi anayelala mchana kutwa. Wifi yangu ana miaka hamsini na miwili, mikono yake ina makovu ya pasi mpaka kwenye viwiko, na akitaka kutuma picha kwa simu bado humwita mtu. Katika miaka hiyo nimeziona timu kumi na tisa zikizaliwa na kufa katika ligi yetu ya ridhaa, zote hodari kuliko sisi. Moja ilivunjika kwa sababu ya mapenzi. Nyingine ilivunjika kwa kugombea kiti kilichokuwa karibu na feni. Yetu, Pasi ya Moto, ipo. Kwa nini ipo, na ilivyobaki kidogo isiwepo kwa sababu yangu, nitaeleza mimi, maana yeye akiulizwa husema tu, "Tunafua, tunaanika."

Mimi ni mke wa kaka yake. Mchana nakaa mapokezi kwa daktari wa meno, ambako kazi yangu ni kuwapa watu namba na kuwaambia haitauma. Niliingia kwenye timu kwa bahati mbaya. Nilipeleka mapazia kufuliwa, nikamkuta wifi na mzee mmoja wanatafuta wachezaji, akanishika bega akanikalisha. Mapazia yalikuwa tayari Jumatano. Mimi sijatoka mpaka leo.

Tunachezea chumba cha nyuma cha duka lake, kila Jumamosi saa nane mchana. Kompyuta tano zimepangwa juu ya meza ndefu ya kupigia pasi, na chini yake kuna blanketi lenye alama za pasi zilizosahauliwa. Mashine kubwa ya kunyoosha mashuka ikiwashwa, kompyuta zinazimika zote kwa pamoja, kwa hiyo siku ya mazoezi hospitali haipati mashuka kabla ya saa kumi na moja. Fundi Friji hukaa mwanzo wa meza kwa kuwa ndiye anayejua nyaya. Anafuata Mwalimu, mstaafu wa hesabu, halafu Kinyozi, halafu mimi, na mwisho wifi mwenyewe, karibu na mlango, ili mteja akija asimwite mara mbili.

Ukutani, nyuma yetu, kuna bomba refu la chuma lenye nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata. Kuna koti la daktari, gauni la harusi, pazia moja lisilo na mwenzake. Kila nguo imebanwa nusu ya tiketi. Nusu nyingine iko kwa mwenyewe, popote alipo. Sheria ya wifi ni moja tu na haina mjadala: kilicholetwa hapa hakitupwi, hakiuzwi, hakivaliwi, kinamngoja mwenye tiketi. Mwaka mmoja Kinyozi alipendekeza tuvae zile suti kwenye mashindano, timu ipendeze. Wifi hakusema naye kwa mwezi mzima.

Kwenye bomba hilo, mwisho kabisa upande wa dirisha, kuna shati la kiume la mistari ya buluu. Ni la mumewe. Yule bwana aliondoka asubuhi moja akaacha shati ndani ya beseni, wala hakuacha neno. Wifi alilifua, akalipiga pasi, akaliandikia tiketi, akalitundika. Kaka yake, yaani mume wangu, alimwambia alichome moto. "Akija na tiketi, apewe," wifi akajibu. Hiyo tiketi yule bwana hakupewa, kwa hiyo nadhani hata wifi alijua kwamba harudi. Mwaka uliofuata akaanzisha timu. Aliwahi kuniambia sababu, akiwa anakunja mashuka, bila kunitazama: "Wifi, watu wote wanaoingia mlango huu wanakuja kuchukua waende. Nilitaka wa kuja wakae."

Kwa hiyo kwenye timu hatoki mtu. Mchezaji akija anapewa namba na ndoano ya kutundikia hedifoni. Akihama mji, akioa, akichoka, ndoano yake inabaki. Fomu ya ligi ina nafasi ya wachezaji kumi. Wifi hubandika karatasi za ziada kwa gundi, maana sisi kwenye daftari ni arobaini na watatu. Namba 1 ni mzee mlinzi wa benki aliyeanza naye. Yule mzee alishafariki, tulimzika sote, Fundi Friji akalia kuliko watoto wa marehemu. Kila msimu wifi huandika jina lake kwanza kwenye fomu, na mbele yake huandika, "Hajafika."

Namba 2 ni mimi.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa, kuucheza ndiyo kazi. Timu mbili za watu watano zinaanzia pande mbili za kijiji cha kwenye skrini. Katikati kuna mnara, na kila timu ina kamba yake pale. Watu wawili wa timu moja wakiishika kamba yao pamoja, bendera inapanda, wanapata pointi, mnaanza upya. Ukipigwa risasi unakufa, skrini yako inakuwa nyeusi, unasubiri duru inayofuata. Wa kwanza kufika pointi kumi na tatu ameshinda.

Wifi aligawa kazi kama dukani kwake, ambako anayefua hapigi pasi na anayepiga pasi hakunji. Mwalimu na Kinyozi ni wa kamba. Fundi Friji ni wa kupiga risasi. Yeye ni wa kuamuru. Na mimi, baada ya kuonekana kwamba sijui kulenga, sijui kujificha, na nikikimbia nafunga macho, nikapewa kazi ya kutangulia. Nilikuwa natangulia, nakufa. Nikifa napiga kelele, "Wifi, nimekufa! Kushoto, kwenye ngazi!" Hapo wote wanajua adui yuko wapi, wanatoka nyuma ya ukuta kwa mpigo, wanamzunguka. Kabla sijafa hatoki mtu. Mimi ndiye niliyekuwa kengele ya darasa. Wahenga walisema kufa kufaana, nasi tukafaana vizuri: msimu wetu wa nne tulishinda mechi sita.

Sasa, miaka mitatu iliyopita, nikaacha kufa.

Sikufanya lolote jipya. Nilitangulia kama kawaida, nikakutana na adui uso kwa uso, naye akanipisha. Nikaenda kwenye ngazi, nikawakuta watatu, wakatazama pembeni. Duru baada ya duru naranda kijijini kama mkaguzi wa afya, risasi hainigusi. Nyuma ya ukuta wenzangu wanangoja. Bendera ya wapinzani inapanda. Tukafungwa msimu mzima, lakini mimi nilikuwa hai, na nani angekasirika?

"Wifi, siku hizi hufi!" wifi akaniambia, macho yakimng'aa.

"Ni mazoezi," nikasema.

"Shemeji amekomaa," akasema Kinyozi.

Nilivimba kichwa, nakiri. Kazini niliwasimulia wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba jinsi nilivyomaliza mechi nne bila kufa hata mara moja, nao hawakuweza kunikatiza kwa kuwa midomo ilikuwa inauma. Mwalimu akatengeneza jedwali la siku zangu za uhai, akalibandika juu ya swichi. Tukafungwa msimu wa pili wote pia. Sisi sote tulikuwa watu wazima wenye akili, mmoja wetu ameheshimika miaka thelathini kwa kufundisha hesabu, na hakuna aliyeziweka hizo habari mbili pamoja.

Msimu wa tatu, zikiwa zimebaki mechi mbili, ikaja barua ya katibu wa ligi. Ilisema kwamba timu inayomaliza misimu mitatu mfululizo bila kushinda mechi yoyote inafutwa kwenye ligi, nafasi yake wapewe wengine. Barua ilikuwa na mikunjo. Wifi aliipiga pasi kwanza, ndipo akaisoma. Akaisoma mara ya pili amesimama. Kisha akaenda kwenye zile ndoano arobaini na tatu, akazinyoosha hedifoni moja moja zitazame upande mmoja, kazi ambayo haikuwa na haja. Nilijua ameumia. Ligi ikitufuta, wale watu wangekuja Jumamosi kufanya nini? Wangekuja kuchukua nguo.

Jumanne akaniita dukani peke yangu. Alikuwa amevaa aproni safi, nikajua kuna jambo.

"Wifi," akasema, "kuna muuza simu mmoja, wanamwita Umeme. Ametoka timu tatu. Anapiga risasi huyo, hakosi. Amekubali kuja."

"Vizuri. Tutakuwa sita."

"Wanacheza watano."

Mashine ya kufulia ikazunguka weee, ikasimama.

"Kwa hiyo natupwa?" nikauliza.

"Hapa hakitupwi kitu, unajua."

Akachana tiketi, akaandika namba 2, akaibana nusu moja kwenye henga tupu pamoja na hedifoni zangu. Akaitundika henga kwenye lile bomba, upande wa dirisha, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Nikatazama nilipowekwa. Nilikuwa jirani na shati la mwanamume aliyekimbia.

"Na nusu ya mwenyewe utampa nani?" nikamuuliza kwa dharau. Aliitia mfukoni mwa aproni, akafungua daftari lake kubwa la nguo, akaanza kuandika. Sikungoja aandike. Nilitoka nikaubamiza mlango mpaka kengele ikadondoka.

Nilikasirika sana, sifichi. Nyumbani mume wangu akasema afadhali, sasa Jumamosi nitakuwepo. Baadaye akaniona nimekaa jikoni naosha sahani ileile mara ya tatu, akakaa karibu yangu. "Dada yangu anakuhitaji," akasema, "ila kichwa chake ni kama pasi ya mkaa, mpaka kipoe." Nikamwambia nyinyi ukoo wenu wote ni mkaa mtupu. Akacheka, mimi sikucheka. Ningeweza kuvumilia kuambiwa sichezi vizuri. Kilichoniuma ni kwamba miaka minane nilikufa kwa ajili yao bila kulalamika, na nilipoanza kuishi ndipo wakaniondoa.

Jumamosi nilikwenda ukumbini, kunakochezwa mechi za ligi, nikasimama nyuma ya nguzo. Nilikwenda kuwaona wakifungwa. Mimi si malaika.

Huyo Umeme alikuwa mchezaji kweli. Duru ya kwanza haikufika nusu dakika akawa ameua wawili, amefika mnarani, ameishika kamba. Alihitaji mtu mmoja tu.

"Njooni!" akapiga kelele.

Nyuma ya ukuta, kimya.

"Amekufa?" Mwalimu akauliza.

"Bado," akasema Fundi Friji.

"Basi tungoje."

"Njooni jamani! Nimeshika kamba!"

"Hajafa huyo, anaongea," akasema Kinyozi.

Wapinzani watatu wakaja taratibu, wakamwondoa Umeme, bendera yao ikaanza kupanda. Ndipo wenzangu wakachomoka mbio kwa furaha, kwenda kutazama kitu kilichokwisha. Ikawa hivyo duru kumi na tatu, sifuri kwa kumi na tatu. Umeme akavua hedifoni akazitupa mezani.

"Mnangoja nini nyie watu?"

"Tunakungoja wewe ufe," Kinyozi akamweleza kwa upole. "Ndiyo utaratibu."

Umeme aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Halafu akaanza kucheka, kicheko kibaya. "Kumbe ni kweli! Ligi nzima wanasema: ukicheza na Pasi ya Moto usimuue yule mama. Mwache hai, wengine hawatoki. Mimi nikajua ni utani!"

Nilikuwa nimeegemea nguzo. Miaka mitatu ya ushujaa, lile jedwali la Mwalimu, wagonjwa wote wa meno niliowachosha! Nilikuwa hai kwa sababu ya kuhurumiwa, tena si huruma, ni ujanja. Nikamwangalia wifi. Alikuwa ameshika tama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha pasi juu ya nguo. Umeme aliondoka hapohapo na hakurudi. Alipewa ndoano namba 44, ipo mpaka leo.

Jumatano wifi akaja kliniki. Hakuja dirishani kuniita kama ndugu; alichukua namba kama watu wote, kumi na nne, akakaa kwenye benchi katikati ya watu walioshika mashavu. Anaheshimu foleni kupita kiasi. Nilimwona, nikajifanya simwoni. Alingoja saa mbili.

"Kumi na nne," nikaita.

Akaja, akasimama mbele yangu.

"Jino gani?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Hakuna jino."

"Hapa hatupokei mtu bila jino."

"Nimekuja kuchukua."

Akaingiza mkono kifuani, akatoa nusu ya tiketi. Namba 2. Ilikuwa imekunjwa mara nne na ina joto. Akaiweka mezani, akaibonyeza kwa kidole inyooke.

"Mwenyewe hakupatikana?" nikasema, maana hasira haziishi mara moja.

"Tiketi ninayo mimi, wifi."

"Ulinitundika karibu na shati."

"Ndipo ninapotazama kila asubuhi," akasema.

Mzee mmoja mwenye taya lililovimba akasema kutoka benchini, "Mpe mzigo wake basi, mama, wengine tunaumwa." Nikaichukua tiketi, nikaigonga muhuri wa kliniki, kwa kuwa mkono wangu ulitaka kufanya jambo.

Mechi ya mwisho tulipangiwa na wanafunzi wa chuo cha ufundi, vijana watano wenye fulana zinazofanana na nahodha mrefu mwenye kofia. Mpango wetu ulikuwa rahisi. Mimi nife.

"Ukishaona adui, kufa haraka," wifi akaniagiza tulipokaa. "Usiwe na tamaa."

Nilijitahidi. Nilimkimbilia wa kwanza mikono wazi; akakimbia. Nilimfukuza wa pili kuzunguka ghala, naye ana bunduki na mimi nimesahau kuitoa yangu, akajificha. Nilijisimamisha mbele ya mtutu, wakatembea kunizunguka kama wanavyozunguka dimbwi. Watazamaji wakaanza kucheka. Kwenye ubao ikawa sifuri kwa tisa.

"Wifi, hawaniui!" nikalia.

"Omba!"

Ndipo nikaiona ile ngazi ya ghala. Mchezo ule haujali umeuawa na nani. Ukianguka kutoka juu, umekufa. Nikapanda mpaka kwenye paa. Toka pale nilimwona kila adui alipo. Nikajirusha. "Nimekufa! Watatu kwenye kisima, wawili mnarani!"

"Amekufa!" Mwalimu akapaza sauti kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa rika lake. Wakachomoka wote. Bendera yetu ikapanda, ya kwanza msimu ule.

Nikajirusha duru ya pili, na ya tatu. Paa lilipokuwa mbali nilijitumbukiza kisimani. Wale vijana walichelewa kuelewa kwa sababu hawakuamini macho yao. Sita kwa tisa. Tisa kwa kumi. Ukumbi ulikuwa umesimama. Watu wasiotujua wakawa wanaimba, "Mama, jirushe! Mama, jirushe!" Ilipofika kumi na mbili kwa kumi na mbili, nahodha mwenye kofia aliomba dakika moja, akawakusanya wenzake, akanong'ona nao huku akininyooshea kidole.

Duru ya mwisho nikatoka mbio kwenda kwenye ngazi. Nikakuta mtu amesimama juu yake, hanipishi. Ngazi ya pili, mtu. Kisima kimezibwa na mtu wa tatu aliyesimama juu ya ukingo. Wa nne alikuwa kwenye ukuta wa nyuma, palipo na korongo. Watu wanne wenye silaha walikuwa wanalinda uhai wangu! Hata mume wangu hajawahi kunilinda hivyo.

Nikabaki uwanjani, sina pa kufia. Nikaanza kutembea tu. Nikajikuta mnarani, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga, kwa kuwa kamba ilikuwa kazi ya watu wengine. Nahodha wao alikuwa pale, peke yake, ameshika kamba yake, anangoja mwenzake wa pili. Nikashika yetu. Tukasimama bega kwa bega, mimi na yeye. Hawezi kuniua, maana nikifa wenzangu watatoka. Mimi siwezi kumuua, maana sijui.

"Mmoja aje hapa!" nahodha akawaita watu wake.

"Nikiacha kisima atajitumbukiza!" mmoja akajibu.

"Yuko hapa ubavuni kwangu, atajitumbukizaje?"

"Huyo mama humjui!"

Nikageuka kwa wifi aliyekaa karibu yangu. "Wifi, niko kwenye kamba. Njoo."

"Umekufa?"

"Sijafa."

"Basi tungoje," akasema Mwalimu.

"Wifi, sijafa, na safari hii sifi. Njoo hivyohivyo."

Aliacha kutazama skrini, akanitazama mimi. Vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe. Nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa. Maisha yake yote alikuwa amengoja nyuma ya meza watu waje. Hakuwahi kutoka kumfuata mtu, hata mwenye lile shati. Na kliniki alikuja, lakini hata kule alichukua namba.

"Tukishindwa?" akanong'ona.

"Tutakuwa tumeshindwa wote wawili tumeshika kamba. Njoo, mama, mkono unaniuma."

Akatoka nyuma ya ukuta. Hakukimbia, alitembea wima katikati ya uwanja, vilevile anavyokwenda kwenye kamba ya kuanikia akiwa na beseni la mashuka kiunoni. Wale walinzi wangu wakabaki wameduwaa, hawakujua kama wamuue yeye au waendelee kunilinda mimi. Akafika. Akaishika kamba juu ya mkono wangu. Bendera ikaanza kupanda.

Nahodha akapaparika, akafanya kile ambacho ligi nzima ilikatazana kwa miaka mitatu. Akanipiga risasi.

"Nimekufa!" nikapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. "Kwenye kamba!"

Fundi Friji, Mwalimu na Kinyozi wakamwagika kutoka nyuma ya ukuta kama maji ya bomba lililopasuka. Yaliyofuata sikuyaona, kwa sababu skrini yangu ilishakuwa nyeusi. Nilimtazama wifi. Nilimwona akiuma mdomo, nikamwona akisema, "Mwalimu, shika, shika hapo," kisha nikamwona anaacha vitufe na kujifunika uso kwa aproni, nikajua kwamba kwenye ubao tumefika kumi na tatu.

Tuliporudi dukani ilikuwa saa kumi na moja, na mashuka ya hospitali yalikuwa yanangoja. Kinyozi alitaka nitundike hedifoni zangu kwenye ndoano namba 2 tupige picha. Nikakataa. Nikaenda nikasimama kwenye bomba, karibu na dirisha, chini ya henga yangu.

"Nguo haitoki hapa bila kitabu kusainiwa," nikasema. "Sheria ni sheria."

Nilisema kwa kumtania. Wifi hakuchukulia utani. Alilifungua lile daftari kubwa kwenye ukurasa wa Jumanne ile niliyoubamiza mlango, akaliweka mbele yangu. Ni safu tano, nazijua tangu siku ya mapazia: namba, nguo, doa, mwenyewe, sahihi. Nikasoma mwandiko wake uliosimama vizuri, ulioandikwa wakati mimi nipo barabarani namlaani. Namba: 2. Nguo: wifi. Doa: hakuna. Mwenyewe: mimi.

Nikasoma tena. Yeye akachukua kalamu ili atie sahihi kwenye ile safu ya mwisho, lakini hakuweza, kwa kuwa nilikuwa nimeinamia pale.

"Sogea kidogo, wifi," akasema, "unakilowesha kitabu."